Kuwaandalia ndege chakula nyumbani: Kinachofaa na kinachoua

Na Mwandishi Wetu, Arusha

WAKAZI wa Jiji la Arusha hawana haja ya kwenda mbali ili kuwaona ndege. Jiji hilo limekaa kwenye miteremko ya kusini ya Mlima Meru, katika mwinuko wa takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na bustani za Njiro, Sakina, Ilboru, Tengeru na Usa River zina miti inayowapatia ndege maua, matunda na mahali pa kujenga viota.

Katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyoanzishwa mwaka 1960 upande wa mashariki wa mlima huo, zimeorodheshwa zaidi ya aina 400 za ndege. Baadhi ya ndege hao hawaujui mpaka wa hifadhi, na huonekana kila siku katika nyua za watu.

Kuwatupia ndege punje si jambo geni. Kila anayepeta mchele au kuchambua mahindi uani anawafahamu shomoro wanaosubiri chenga zidondoke. Kilichoongezeka ni desturi ya kuwaandalia ndege chakula kwa makusudi: vibonge vya mafuta na nafaka, matunda yaliyochomekwa kwenye vijiti na maji ya sukari, kama ifanyikavyo kwa miaka mingi nchini Uingereza na Marekani.

Hata hivyo, mara nyingi kinachotengwa kwa ajili ya ndege ni kile kilichowashinda watu: karanga zilizoota ukungu, mahindi yaliyoharibika ghalani, mkate uliochacha na makombo yenye chumvi. Zawadi ya namna hiyo yaweza kumuua ndege aliyekusudiwa kufurahishwa.

Sumukuvu haichagui

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni sumukuvu, sumu inayozalishwa na aina fulani za ukungu katika karanga, mahindi na nafaka nyingine zilizohifadhiwa zikiwa na unyevu.

Watanzania wanaifahamu sumu hiyo kwa machungu. Mwaka 2016 iliwaua watu wapatao 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, baada ya kula mahindi yaliyoathirika. Manyara ni mkoa unaopakana na Arusha.

Kisichojulikana na wengi ni kwamba sumukuvu iligunduliwa kutokana na vifo vya ndege. Mwaka 1960 bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa ambao mwanzoni haukueleweka. Uchunguzi ulionyesha kuwa walikuwa wamelishwa mashudu ya karanga yaliyoingizwa kutoka Brazil, nayo yalikuwa na ukungu. Kutoka hapo ndipo wanasayansi walipoitambua sumu yenyewe.

Iwapo sumu hiyo ilimwangusha bata mzinga mwenye uzito wa kilo kadhaa, shomoro asiyefikia gramu 40 hana kinga yoyote. Aidha, kukaanga au kuchemsha hakuiondoi sumukuvu, na punje yaweza kuwa na sumu ingawa ukungu hauonekani kwa macho.

Kwa sababu hiyo, kanuni ya kwanza ni nyepesi: punje ambayo mwenye nyumba hawezi kuila yeye mwenyewe, asiwape ndege. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ladha ya uchungu zitupwe mahali ambapo kuku na ndege hawatazifikia.

Kila ndege na chakula chake

Kabla ya kutengeneza chochote, ni muhimu kujua ndege gani wanafika uani. Umbo la mdomo hueleza mengi.

Wenye midomo mifupi na minene ni wala punje. Hao ni pamoja na shomoro, kwera, mnana, chiriku, na wale ndege wadogo wa buluu ambao dume wao ana doa jekundu shavuni. Mmoja wa shomoro wa Tanzania na Kenya hata katika sayansi anabeba jina la Uswahilini, Passer suahelicus, alilopewa mwaka 1904. Tetere na njiwa nao hula punje, lakini hupendelea kuziokota chini.

Wala matunda ni kuzumburu, mwenye mkia mrefu na anayetembea kwa makundi, pamoja na sholwe na kwenzi. Hondohondo naye hushuka kutoka msituni mikuyu inapozaa.

Chozi, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, hutafuta maji matamu ya maua na wadudu wadogo. Kumwekea chozi mtama ni kazi bure.

Namna ya kutengeneza

Kibonge cha mafuta na nafaka. Nunua buchani mafuta magumu ya ng'ombe, hasa yale yanayozunguka figo. Yakate vipande vidogo, yayeyushe kwa moto mdogo, kisha yachuje. Kwa kikombe kimoja cha mafuta yaliyoyeyuka, changanya vikombe viwili vya vitu vikavu: mtama, ulezi, uwele, alizeti na karanga chache zilizotwangwa.

Toboa tundu kwenye kifuu cha nazi na upitishe kamba ya katani. Jaza mchanganyiko, acha ugande usiku kucha, kisha ning'iniza kivulini. Kibonge hiki kinafaa zaidi katika miezi ya baridi, Juni hadi Agosti. Katika miezi ya joto mafuta hulainika na kuchacha upesi, na yakishika kwenye manyoya humwondolea ndege uwezo wa kujikinga na mvua na baridi.

Gunzi lililopakwa karanga. Wamarekani hupaka siagi ya karanga kwenye tunda kavu la msonobari. Yeyote anayepita kwenye mashamba ya miti ya Meru anaweza kuokota tunda hilo, lakini gunzi la mahindi linafanya kazi ileile. Twanga karanga safi zisizo na chumvi mpaka zitoe mafuta, zipake kwenye gunzi, livingirishe kwenye ulezi na uwele, kisha lifunge kwenye tawi.

Mchanganyiko wa nafaka. Changanya mtama, uwele na ulezi kwa vipimo sawa, ongeza alizeti kidogo na chenga za mchele. Weka konzi mbili tu kwenye sinia lenye matundu madogo ya kupitisha maji. Kiasi kinachofaa ni kile kinachokwisha kabla ya jua kuzama, kwa kuwa kinachobaki usiku huwaita panya.

Mshikaki wa matunda. Chomeka vipande vya papai, ndizi mbivu, embe au pera kwenye kijiti kigumu na ukifunge kwenye tawi. Matunda yaondolewe siku hiyohiyo.

Maji ya sukari kwa chozi. Chemsha vikombe vinne vya maji na kikombe kimoja cha sukari nyeupe, kisha acha yapoe. Usiongeze rangi. Tumia chupa ndogo yenye mdomo mwembamba, iliyofungwa karibu na kitawi ambacho chozi atatua. Maji hayo yabadilishwe kila siku wakati wa joto na chupa ioshwe kwa maji moto. Asali isitumike, kwani ikichanganywa na maji huchachuka haraka na kuotesha vimelea.

Visivyofaa kabisa

Parachichi ni tunda lililojaa tele Arumeru, na ni rahisi kudhani kwamba ndege atalifurahia. Ukweli ni kwamba majani, mbegu na nyama ya tunda hilo vina kemikali iitwayo pasini, ambayo imethibitika kuwaua ndege wa kufugwa wakiwemo kasuku na chiriku. Hata mbuni wamekufa kwa kula majani na matunda yake. Ni busara kutoliweka mezani.

Mbegu za kupanda zinazouzwa katika maduka ya pembejeo ni hatari nyingine. Mbegu hizo hupakwa dawa ya kuua wadudu na ukungu, na hutiwa rangi, mara nyingi nyekundu, waridi au kijani, ili watu wazitambue. Masalia yake yasitupwe uani.

Maharage mabichi makavu, chipsi, nyama iliyoungwa, bisi zenye chumvi na maziwa navyo viachwe. Mkate na ugali hushibisha bila kujenga mwili, na kifaranga anayeshibishwa mkate hukosa wadudu anaowahitaji ili akue.

Mabaki ya nyama yana tatizo la ziada: humwita kunguru. Kunguru hula mayai na makinda ya ndege wadogo, hivyo anayemkaribisha huwafukuza aliowakusudia. Wakazi wa pwani wanalijua vyema jambo hili. Kunguru weusi walioletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 ili wasaidie kusafisha taka waligeuka kero, wakasambaa hadi Dar es Salaam.

Meza chafu hueneza magonjwa

Ndege wengi wanapokula sehemu moja, ugonjwa wa mmoja huwa wa wote. Mwaka 2005 ugonjwa wa trikomonosi ulibainika miongoni mwa chiriku wa kijani nchini Uingereza. Vimelea vyake, vilivyojulikana zamani kwa njiwa, huenea kwa mate yanayobaki kwenye chakula na maji. Idadi ya chiriku hao ilishuka vibaya, na mwaka 2021 ndege huyo aliyekuwa wa kawaida bustanini aliingizwa kwenye orodha nyekundu ya ndege wa nchi hiyo.

Funzo kwa Arusha ni kwamba sinia linaloachwa na kinyesi na makapi kwa wiki nzima ni hatari kuliko kutokuwa na sinia. Lioshwe kwa sabuni angalau mara moja kwa wiki, lisuuzwe na lianikwe juani likauke kabisa. Mahali pake pabadilishwe kila baada ya muda, ili uchafu usirundikane chini.

Wenye kuku wa kienyeji wachukue tahadhari zaidi. Ndege wa porini na kuku wanaweza kuambukizana magonjwa, ukiwemo mdondo, ambao kwa siku chache huweza kumaliza banda zima. Meza ya ndege iwe mbali na banda, kuku wapewe chanjo kwa ratiba, na vyombo vya kuku visichanganywe na vya ndege. Anayesafisha anawe mikono kwa sabuni.

Akionekana ndege aliyejikunyata, mwenye manyoya yaliyotutumka na asiyeruka anapokaribiwa, chakula kiondolewe kwa wiki mbili hivi ili ndege watawanyike. Wakifa wengi kwa pamoja, wasishikwe kwa mikono mitupu, na afisa mifugo wa kata apewe taarifa.

Wakati gani wanahitaji?

Kule Ulaya na Marekani Kaskazini, theluji hufunika ardhi na chakula cha binadamu humvusha ndege kwenye majira magumu. Meru haina majira ya namna hiyo bondeni, na ndege wake wanaweza kuishi bila sinia la mtu yeyote.

Hata hivyo, upo wakati ambao konzi ya nafaka ina maana. Kiangazi kinapofikia ukingoni, mwezi Oktoba, mbegu za nyasi huwa zimepungua. Mvua za kwanza zikinyesha, mbegu zilizosalia ardhini huchipua zote kwa pamoja, na wala punje hukosa chakula hadi nyasi mpya zizae. Hali hiyo hujirudia masika yanapoanza, mwezi Machi.

Nje ya vipindi hivyo ni vyema kuweka kidogo na si kila siku, ili ndege waendelee kujitafutia wadudu na mbegu, na ili tumbili wasizoee kuingia uani.

Maji na miti

Kitu kimoja kinafaa mwaka mzima na kwa ndege wote: maji. Bakuli pana la udongo lenye kina kisichozidi sentimita 5, likiwa na mawe machache ya kukanyagia, huwavuta hata wasiojali punje. Maji yamwagwe na kuwekwa mapya kila siku, kwa kuwa yakituama huzalisha mbu. Bakuli likae mahali palipo wazi, mita mbili au tatu kutoka kwenye kichaka, ili paka asipate pa kujificha.

Kwa mwenye nafasi, mti hudumu kuliko sinia. Mbamba ngoma, mti wa asili wenye maua mekundu, huwavuta chozi kwa wingi unapochanua. Mishubiri huchanua wakati wa ukame, na mkuyu mmoja huwalisha hondohondo, kwenzi na kuzumburu kwa wakati mmoja. Miti hiyo pia hutoa wadudu, ambao hakuna mpishi anayeweza kuwatengeneza.

Jambo la mwisho ni la kisheria. Kumwekea ndege chakula bustanini hakumfanyi awe mali ya mwenye nyumba. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kukamata wanyamapori bila kibali, na ndege wa porini wamo. Mitego, ulimbo na vizimba havina nafasi karibu na meza ya ndege, na watoto waelezwe hivyo siku ileile wanapofundishwa kuchanganya mtama na ulezi.