Manowari ya Rufiji: Ni Ileile?

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaokalia madawati yetu ya zamani,

Kila Mrufiji amesikia habari za manowari ya Kijerumani, Königsberg. Tarehe 20 Septemba, 1914 iliipiga Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja ikaizamisha, halafu ikajificha katika mito ya delta yetu. Tarehe 11 Julai, 1915, baada ya kushambuliwa na Severn na Mersey, Wajerumani waliizamisha wenyewe. Hayo yamo vitabuni. Swali langu ni jingine: tangu siku ile, Königsberg iko wapi?

Maana haikubaki mtoni yote. Mizinga yake kumi iliopolewa, ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam, ikaenda kupigana nchi kavu. Mmoja ulipelekwa Kigoma, ukafungwa juu ya meli Graf von Goetzen. Leo mmoja uko Pretoria, na mwingine uko Fort Jesus, Mombasa, pamoja na mzinga wa Pegasus. Mahasimu wamekuwa majirani! Gofu lenyewe lilichokolewa na watafuta chuma, na lililosalia likamezwa na tope.

Wenye magari wanalifahamu jambo hili. Land Rover kuukuu hubadilishwa bodi, ikatiwa injini ya nyingine, na milango ikatoka kwingine kabisa. Mkaguzi hababaishwi na rangi. Hufungua kadi akalinganisha namba ya chesisi na ya injini.

Mwaka 1990 shauri la namna hiyo lilifika Mahakama Kuu ya London. Bentley iitwayo Old Number One, iliyoshinda Le Mans mwaka 1929 na 1930, ilikuwa imeundwa upya mara kadhaa, hata chuma cha ushindi ule kilichobaki kilikuwa kidogo mno. Mnunuzi akagoma, akidai si yenyewe. Jaji Otton alikubali kwamba si gari lilelile kama lilivyokimbia Le Mans. Hata hivyo alisema ndiyo Old Number One halisi, kwani historia yake haikukatika, wala hapakuwa na gari jingine la kudai jina lile.

Kwa kipimo hicho, Goetzen ingali hai. Ilizamishwa Julai 1916, ikaibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mvuke uliondolewa, ikatiwa injini za dizeli. Jina jipya, bendera mpya, moyo mpya, lakini meli ni ileile. Königsberg ni kinyume chake: mzinga wa Mombasa ni chuma cha asili kabisa, ila meli haipo.

Kinachoniudhi ni kwamba tunajua jina la nahodha, Max Looff, lakini hatujui majina ya maelfu ya Waafrika waliokokota sehemu za boila porini hadi karakana za Dar es Salaam na kuzirudisha. Nao ni sehemu ya historia isiyokatika.

Basi wanafunzi, kama kwenu Salale, Nyamisati au kwingineko kipo kipande kinachosemwa ni cha manowari, msikisafishe wala kukiuza. Mwulizeni mzee mwenye nacho kiliopolewa mto gani, na nani, na kimepita mikononi mwa akina nani. Andikeni nakala mbili: moja apewe mwalimu wa historia, nyingine abaki nayo mzee.