Aliyeitwa na Asiyeitwa: Matangazo ya Sinema za Mwanzo Mjini Unguja

Kila mwaka ninapofundisha sajili ya matangazo, wanafunzi wangu wa hapa Kitengela huniorodheshea sifa zake bila kukwama: sentensi fupi, chuku, takriri, lugha ya kushawishi, alama za mshangao. Orodha hiyo huwapa alama katika isimujamii, nami sina ugomvi nayo. Kasoro yake ni kwamba huliruka swali ambalo mhakiki angeanza nalo: tangazo hili linamwita nani, na kwa lugha gani? Makala haya yanarudi hadi mji wa Unguja wakati sinema ilipoingia, kwa kuwa huko swali hilo linajibika waziwazi.

Ndugu Lumière walionyesha picha zao kwa umma uliolipa kiingilio mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895. Haikuchukua muda mrefu kabla ya picha hizo kupakiwa melini pamoja na vitambaa na mchele na kufika katika bandari za Bahari ya Hindi. Walioonyesha sinema Unguja mwanzoni walikuwa wafanyabiashara waliohama na mashine zao. Mmoja wao, Hassanali Adamji Jariwalla, alianza kwa maonyesho ya kuhamahama kabla ya kuwa na jumba. Wenyeji waliliita jumba la namna hiyo Sinema ya Bati. Tutalirudia jina hilo.

Sasa tutazame magazeti. Gazeti rasmi la serikali, lililoanza mwaka wa 1892, lilikuwa la Kiingereza. Samachar, lililoanzishwa mwanzoni mwa karne ya 20, lilichapishwa kwa Kigujarati na Kiingereza, na ndimo mwenye sinema alimotangaza picha zake. Ukiwa mwalimu wa Kiswahili, hapo ndipo unaposimama na kushangaa. Mji ambao lahaja yake ilikuja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu ulitangaziwa burudani yake mpya kwa lugha nyingine. Mkazi wa Ng'ambo aliyesoma Kurani na kuandika barua zake kwa hati ya Kiarabu hakuwa msomaji aliyekusudiwa na kurasa hizo. Hata hivyo, alinunua tiketi ya bei ya chini na akaketi mbele, karibu na kitambaa cheupe.

Alipataje habari? Alizipata barabarani. Vijana walizungushwa mitaani na mabango yenye picha, kengele au ngoma ikilia, huku mmoja akipaza sauti kutangaza kitakachoonyeshwa usiku. Watahiniwa watambue kwamba hii ni mbiu, inayofanana na tanzu wanazozisoma katika fasihi simulizi, ikiwa na fanani, hadhira, ala na mahali pa utendaji. Kwa hiyo picha moja ilikuwa na matangazo mawili: la maandishi lililomwita mwenye duka na afisa, na la mdomo lililomwita kuli, mvuvi na mtumishi wa nyumbani. La kwanza limehifadhiwa katika nyaraka. La pili lilipotea jioni ile ile liliposemwa, na mtu anayeandika historia kwa kutegemea magazeti pekee atadhani halikuwapo.

Hapa ndipo jina la Sinema ya Bati linapotufaa. Mwenye mali huchagua jina la kumtukuza. Watu huchagua jina linalosema wanachokiona. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 lilijengwa jumba la fahari, Royal, kwa mchoro wa John Sinclair, afisa wa Kiingereza ambaye pia alichora Beit el Amani. Neno "Royal" ni tangazo tosha. "Bati" nalo ni uhakiki, tena wa neno moja. Royal liliteketea, na mahali pake pakafunguliwa Majestic mwaka wa 1955: fahari ile ile kwa neno jingine.

Sauti ilipoingia katika filamu, mambo yaligeuka. Alam Ara, filamu ya kwanza ya Kihindi yenye sauti, ilitoka mwaka wa 1931, na Widad ya Misri, aliyoigiza Umm Kulthum, ikafuata mwaka wa 1936. Jina la mwimbaji likawa tangazo lenyewe. Unguja ilikuwa imezoea santuri (Siti binti Saad alirekodi Bombay mwaka wa 1928), kwa hiyo sikio lilishaandaliwa kabla ya jicho. Aliyemjua Umm Kulthum kwa sauti hakuhitaji kusoma gazeti. Kumtajia jina kulitosha.

Kwetu Kenya serikali iliwahi mapema: sheria ya michezo ya jukwaani na maonyesho ya sinema ilitungwa mwaka wa 1912. Dola lilitaka kujua nani anaonyeshwa nini, yaani lilikuwa limejiuliza swali la hadhira kabla yetu sisi wahakiki.

Katika somo langu la mwisho kuhusu mada hii niliwatoa wanafunzi hadi kando ya barabara ya Namanga wanakili mabango ya ploti. Walirudi na chuku za kutosha: hatimiliki tayari, maji na umeme vipo, dakika chache tu kutoka lami. Ardhi hiyo ilikuwa ranchi ya jamii hadi ilipogawanywa mwaka wa 1988. Niliwauliza ni nani bango haliwaiti. Mmoja, ambaye babu yake bado anachunga ng'ombe upande wa Kajiado, alisema kuwa mabango yote aliyoyanakili yalikuwa ya Kiingereza au Kiswahili, na hakuna hata moja la Kimaasai. Akaongeza kwamba babu yake alipata habari ya ploti hizo sokoni, kwa mdomo, baada ya ua kujengwa.