"Kosa la Kibinadamu" ni la Nani Hasa?

Wadau, juzi hapa Dodoma nilipanda daladala iliyokwisha kujaa. Konda akapiga kelele: "Songeni nyuma, gari bado tupu!" Tukasonga. Hakuna aliyeshuka, na mimi pia sikushuka. Njia nzima nikawa nawaza meli.

Najua utacheka. Meli na Dodoma wapi na wapi? Vuta subira kidogo.

Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Meli hiyo ilitengenezewa kubeba abiria 430. Orodha ya abiria ilikuwepo, ikiwa na majina 443, lakini yalikuwa ya daraja la kwanza na la pili tu. Daraja la tatu halikuwa na orodha kabisa! Ndiyo maana hadi leo idadi ya waliokufa inatajwa kwa makadirio, kuanzia 500 na kuendelea hadi karibu 1,000. Maskini hakuhesabiwa alipopanda, hivyo hata alipozama hakuhesabika.

Na waliokuja kuokoa walitoboa meli ikiwa imeelea kichwa chini. Hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, ikazama kabisa. Nia ilikuwa njema, ila utaalamu na vifaa havikuwepo.

Kila ajali ikitokea tunaambiwa ni "makosa ya kibinadamu", na macho yote yanamgeukia nahodha. Lakini binadamu ni nahodha peke yake?

Dunia iliwahi kujiuliza swali hilo. Machi 6, 1987 meli ya Uingereza iitwayo Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, milango ya mbele ikiwa wazi. Mtu wa kuifunga alikuwa amelala. Watu 193 wakafa. Uchunguzi haukuishia kwa aliyelala. Ulipanda juu hadi ofisini kwa kampuni. Kutokana na funzo hilo, Shirika la Kimataifa la Bahari (IMO) lilipitisha kanuni za usimamizi wa usalama mwaka 1993, zikaanza kuwa lazima mwaka 1998. Na IMO inapoeleza suala la binadamu katika usalama wa meli, haiwataji mabaharia tu. Inawataja pia mameneja walioko nchi kavu, wasimamizi wa sheria, wajenzi wa meli na hata watunga sheria.

Watunga sheria! Hao wanakaa wapi? Hapa hapa Dodoma.

Na Dodoma ina kaburi lake katika habari hii. Shirika la Reli (TRC), ambalo ndilo lililomiliki MV Bukoba, lilikuwa pia na treni ya abiria iliyoshindwa kupanda mlima kati ya Msagali na Igandu, Juni 24, 2002. Ilirudi nyuma kwa kasi ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Miaka sita tu baada ya Bukoba.

Tukajifunza? Septemba 10, 2011, Spice Islander ilizama ikielekea Pemba, ikiwa imebeba watu wengi kuliko uwezo wake. Septemba 20, 2018, MV Nyerere, yenye uwezo wa watu 101, ilipinduka ikikaribia gati la Ukara. Waliokufa walizidi 220. Rais Magufuli alisema nahodha hakuwemo ndani, usukani aliachiwa mtu asiye na mafunzo. Safari hii angalau bodi za TEMESA na SUMATRA zilivunjwa, hivyo lawama ilifika ofisini kidogo.

Kwa maoni yangu, kosa la kibinadamu lina mnyororo. Kuna anayekata tiketi ya ziada, mwenye chombo anayetaka hesabu yake jioni, mkaguzi anayefumba macho, mbunge asiyeuliza. Nahodha ni pete ya mwisho tu ya mnyororo huo.

Mwanzoni kabisa, tena, yupo abiria. Yule aliyeambiwa asonge nyuma, akasonga. Siku ile kwenye daladala nilikuwa mimi.

Wewe je, ungeshuka?