Mbwa na Makazi katika Historia ya Rungwe

Historia ya mbwa wa kufugwa katika wilaya ya Rungwe haitenganiki na historia ya nyumba za watu wake, kwa kuwa kila namna ya makazi iliyoenea kuuzunguka Mlima Rungwe ilihitaji mbwa wa tabia yake. Suala la mbwa gani anaifaa familia iliyopanga vyumba viwili mjini Tukuyu huonekana jipya, lakini kipimo chake ni cha kale: mbwa hupimwa kwa nafasi atakayoishi, kwa kazi atakayopewa na kwa majirani atakaokaa nao.

Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, waliishi zamani katika vijiji vya rika, yaani vijiji ambavyo wanaume wake walizaliwa katika miaka inayokaribiana. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huko pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu kilichotoka mwaka 1951 kwamba mvulana wa miaka kumi hivi aliacha kulala kwa wazazi wake, akajenga kibanda karibu na wenzake, huku akiendelea kula kwa mama yake. Ushirika huo wa watu wa rika moja uliitwa ukwangala. Ng'ombe walilala ndani ya nyumba za wenyewe, na migomba ikazizunguka nyumba hizo. Makazi ya namna hii yalimfaa mbwa wa kienyeji, mwepesi na mvumilivu, atembeaye huru mchana kutwa, awajuaye wanakijiji wengi na kubweka anapofika mgeni.

Mbwa alikuwa pia mwenzi wa mwindaji, lakini kazi hiyo imepungua nafasi. Baada ya watafiti kutangaza mwaka 2005 kugunduliwa kwa kipunji, nyani wa misitu ya Rungwe ambaye hakuwa amejulikana katika sayansi, ulinzi wa msitu uliongezewa uzito, na mwaka 2009 Mlima Rungwe ukawa hifadhi ya mazingira asilia. Mbwa mwenye silika kali ya kukimbiza wanyama, aliyekuwa na thamani kwa babu, humletea mjukuu aliyepanga mjini taabu isiyo na faida.

Wamisionari wa Moravian walifika Rungwe mwaka 1891, na baadaye serikali ya Kijerumani ikajenga boma Neu Langenburg, mahali panapoitwa leo Tukuyu. Miaka hiyohiyo Ulaya ilikuwa ikiimarisha dhana ya mbari, yaani kundi la mbwa wanaozalishwa kwa uteuzi ili wafanane umbo na tabia: chama cha Kennel Club kilianzishwa London mwaka 1873, na chama cha mbwa wachungaji wa Kijerumani kikaanzishwa mwaka 1899. Kutokana na dhana hiyo wengi wamezoea kuuliza ukubwa na asili ya mbwa kabla ya kuuliza tabia yake, ingawa mbwa mdogo asiyetulia huweza kuwachosha wapangaji kuliko mkubwa aliye mpole.

Nyumba ya kupanga imebadili masharti yote. Ua ni mmoja, bomba ni moja, na mvua ya Tukuyu, inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, huwalazimisha watu na wanyama kubanana barazani kwa muda mrefu. Miongoni mwa wapangaji huweza kuwamo Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayotakaswa kwa kuosha mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo mbwa anayerukia watu au kulamba vyombo huvunja heshima ya ua mzima.

Hapo ndipo ubora wa mbwa aliyekomaa unapodhihirika. Tabia ya mtoto wa mbwa hukisiwa tu, ilhali ya mbwa aliyepita miaka miwili huonekana: hutazamwa anavyopokea nyayo za mgeni, anavyovumilia watoto, anavyokaa peke yake bila kubweka usiku kucha, na kama amezoea kujisaidia nje. Afya yake hupimwa vilevile, hasa chanjo ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao chanjo yake kwa binadamu ilitumiwa na Louis Pasteur mwaka 1885 na ambao, dalili zikishajitokeza, karibu kila mara huua. Kumhasi, yaani kumwondolea uwezo wa kuzaa, huzuia watoto wasio na mwenyewe. Aidha, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamkataza mfugaji kumtesa mnyama, na mbwa anayefungwa mnyororo mfupi kutwa nzima kwa sababu chumba hakimtoshi alichaguliwa vibaya tangu mwanzo.

Vijiji vya rika vimetoweka, lakini swali lililovijenga, la nani anaweza kukaa na nani kwa amani, limehamia katika nyua za Tukuyu, na mbwa sasa ni mmoja wa wale wanaoulizwa swali hilo.