Kenya: Wasifu unaomfungulia mwanafunzi mlango wa kwanza wa kazi za programu

Kwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta nchini Kenya, miaka ya mwisho ya chuo huja na mtihani usiokuwamo kwenye ratiba: kupata kampuni itakayompokea kwa uanagenzi wa uhandisi wa programu. Wenzake wa Uganda na Rwanda wanaujua mtihani huo pia. Chombo chake cha kwanza ni wasifu, na mara nyingi hana kingine.

Anayeuandika kwa mara ya kwanza hukutana na kitendawili. Waajiri wanataka uzoefu, naye anaomba nafasi ili aupate uzoefu huo. Jibu lake ni kwamba wasifu wa mwanafunzi haupimwi kwa miaka ya kazi. Hupimwa kwa ushahidi kwamba amewahi kutengeneza kitu, kwamba kitu hicho kinafanya kazi, na kwamba anaweza kukieleza.

Kwa nini nafasi hii ina uzito

Nchini Kenya, kozi nyingi za teknolojia humtaka mwanafunzi amalize mafunzo ya nyanjani kabla ya kuhitimu, na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, ina jukumu la kuratibu mafunzo hayo. Chuo Kikuu cha Makerere nchini Uganda nacho huwapeleka wanafunzi wake katika mafunzo ya namna hiyo. Anayekosa mahali pa kupokelewa anaweza kuchelewa kuhitimu hata kama amefaulu mitihani yote.

Wakati huohuo ushindani umepanda pamoja na soko. Huduma ya M-Pesa ilianza mwaka 2007, na tangu hapo Nairobi imejijengea jina katika teknolojia ya fedha. Mwaka 2019 Microsoft ilizindua kituo chake cha uhandisi jijini humo, sambamba na kile cha Lagos, Nigeria. Mwaka 2022 Google ilitangaza kwamba ingeweka Nairobi kituo chake cha kwanza barani Afrika cha kubuni bidhaa. Kigali nayo ina tawi la Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani, linalotoa shahada za uzamili katika fani za teknolojia.

Nafasi za uanagenzi hazitoshi wote wanaoziomba. Mwenye ndugu ndani ya kampuni hupata wa kumtajia jina lake. Aliyetoka Lodwar, Gulu au Rusizi bila kumjua mtu yeyote mjini hutegemea karatasi aliyoituma imsemee.

Ukurasa mmoja, unaosomeka haraka

Afisa anayepitia mamia ya maombi hausomi wasifu kama barua. Huutupia jicho kwanza, kisha huamua kama utasomwa. Kwa mwanafunzi, ukurasa mmoja unatosha. Juu huwekwa jina, nambari ya simu inayopatikana, anwani ya barua pepe yenye jina halisi la mwombaji, na kiungo cha mahali alipohifadhi kazi zake, kwa mfano GitHub. Hufuata elimu, ikiwa na jina la chuo, kozi na mwaka unaotarajiwa wa kuhitimu. Baada ya hapo huja miradi, kisha ujuzi, kisha shughuli nyingine.

Kampuni kubwa hutumia pia mifumo ya kompyuta kuchambua maombi kabla hayajamfikia mtu. Mifumo hiyo huweza kushindwa kusoma majedwali, safu mbili za maandishi, au maneno yaliyomo ndani ya picha. Mpangilio wa safu moja, vichwa vya kawaida na faili la PDF lenye maandishi yanayoweza kunakiliwa huepusha tatizo hilo. Jina la faili lenyewe liwe jina la mwombaji, kwani afisa aliyepakua mafaili hamsini yenye jina "wasifu mpya" hawezi kujua lipi ni la nani.

Yapo pia mazoea ya zamani yanayostahili kuachwa. Wasifu nyingi za eneo hili bado hubeba nambari ya kitambulisho, dini, hali ya ndoa na picha. Hakuna kati ya hayo linaloonyesha uwezo wa kuandika programu, na nambari ya kitambulisho hutumika kusajili laini za simu na akaunti za pesa, hivyo kuisambaza kwa watu wasiojulikana ni hatari. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda ikafuata mwaka 2021 na Tanzania mwaka 2022. Mwajiri akihitaji taarifa hizo, ataziomba baada ya kumkubali mwombaji. Majina ya wadhamini nayo yanaweza kusubiri hadi yatakapoombwa, isipokuwa tangazo likiyataka. Katika hali zote mbili, mdhamini ajulishwe kabla simu haijampigia.

Miradi ndiyo ushahidi

Sehemu ya miradi hubeba uzito mkubwa zaidi katika wasifu wa mtu ambaye hajawahi kuajiriwa. Hata hivyo, ndiyo huandikwa vibaya zaidi. Mathalani, mwanafunzi huandika: "Mfumo wa malipo. Nilitumia Python na M-Pesa." Msomaji hajui mfumo huo unamfaa nani, wala mwandishi alifanya nini hasa.

Maelezo yaleyale yanaweza kuandikwa hivi: "Nilitengeneza tovuti ya kupokea michango ya kikundi cha kuweka na kukopa chenye wanachama 40. Nilitumia Python, hifadhidata ya PostgreSQL na huduma ya Daraja ya Safaricom. Mweka hazina sasa hapitii tena jumbe za simu moja moja ili kujua nani amelipa." Sentensi hizo zinajibu maswali manne: nini kilitengenezwa, kwa ajili ya nani, kwa zana zipi, na kilibadilisha nini. Idadi hutajwa pale tu ilipo ya kweli. Mradi wa darasani ambao haukutumiwa na mtu unaweza kuelezwa kwa uaminifu kama mradi wa darasani, na matokeo yake yakawa ni kile ulichoweza kufanya ulipojaribiwa.

Daraja ni jukwaa ambalo Safaricom imewawekea waandishi wa programu ili waunganishe mifumo yao na M-Pesa, na lina mazingira ya majaribio yasiyohusisha pesa halisi. MTN nayo ina jukwaa la aina hiyo kwa huduma yake ya MoMo, inayotumika Uganda na Rwanda. Kwa hiyo mwanafunzi anaweza kujenga mfumo wa malipo unaofanana na ule wa kampuni bila kusubiri kuajiriwa.

Kiungo kilichowekwa kwenye wasifu lazima kifunguke, na atakayekifungua akute kitu kinachoeleweka. Kila mradi unahitaji faili la maelezo linalosema unafanya nini na unaendeshwaje, pamoja na picha moja au mbili za skrini. Kumbukumbu za mabadiliko zinazoonyesha kazi iliyokua hatua kwa hatua humridhisha mhandisi kuliko msimbo wote uliopakiwa kwa siku moja.

Kuna kosa moja ambalo mhandisi mwenye uzoefu hulitambua mara moja: funguo za siri za huduma ya malipo au nenosiri la hifadhidata kuachwa wazi ndani ya msimbo uliochapishwa. Funguo hizo huwekwa nje ya msimbo, katika mipangilio isiyopakiwa hadharani. Zikiwa zimeshapakiwa, kuzifuta peke yake hakutoshi kwa sababu hubaki katika kumbukumbu za zamani. Ni lazima zibatilishwe na zitolewe mpya.

Kila neno ni swali la usaili

Katika sehemu ya ujuzi, wengi huorodhesha lugha kumi na tano za kuprogramu na kujipimia kwa nyota au asilimia. "Java asilimia 80" haina maana, kwa kuwa hakuna anayejua mia yake ni nini. Orodha fupi iliyogawanywa ina nguvu zaidi: lugha ambazo mwombaji amezitumia kukamilisha mradi, kisha zile anazoendelea kujifunza.

Kanuni rahisi ni kwamba lolote lililoandikwa linaweza kuulizwa. Anayetaja hifadhidata ajiandae kueleza kwa nini alizipanga taarifa zake kwa namna hiyo. Mradi wa kikundi utajwe kuwa wa kikundi, na sehemu aliyoifanya mwombaji ibainishwe. Msimbo uliotungwa na programu za akili mnemba, au kunakiliwa kutoka somo la mtandaoni, humwaibisha mtu asiyeweza kuufafanua mstari kwa mstari. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na katika usaili wa kiufundi huwa fupi zaidi.

Asiye na cha kuandika aanzie wapi

Mwanafunzi asiye na mradi anaweza kuanza na tatizo lililo karibu naye: duka linaloandika madeni kwenye daftari, zahanati inayopanga wagonjwa kwa karatasi, au kwaya inayopoteza ratiba zake. Mradi mmoja mdogo uliokamilika na kutumiwa na watu huzidi mitano iliyoachwa njiani.

Njia nyingine ni programu huria, ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha. Kurekebisha maelezo yenye makosa au kutafsiri kiolesura kwa Kiswahili ni mchango unaokubalika, na huacha ushahidi wa wazi. Mpango wa Google Summer of Code, ulioanza mwaka 2005 kwa wanafunzi, tangu mwaka 2022 unawapokea pia wasio wanafunzi walio wapya katika programu huria. Outreachy hutoa uanagenzi wenye malipo, unaofanyika kwa njia ya mtandao mara mbili kwa mwaka. Katika mipango yote miwili, mchango na pendekezo la kazi hupewa uzito mkubwa.

Kazi zisizo za kompyuta nazo zisidharauliwe. Aliyesimamia kibanda cha wakala wa M-Pesa amewahi kulinganisha fedha taslimu na salio la simu kila jioni hadi hesabu ikubali. Huo ni uaminifu na umakini ambao kampuni ya malipo inauhitaji, na mistari miwili inatosha kuueleza.

Kabla ya kutuma

Wasifu mmoja hautoshi kwa matangazo yote. Benki hutazama usalama na hifadhidata, kampuni ya ramani hutazama takwimu, na kampuni changa humtaka mtu anayeweza kugusa kila kitu kidogo. Mwombaji hapaswi kubuni ujuzi mpya kwa kila tangazo. Hubadilisha mpangilio ili mradi unaohusika utangulie, na hutumia maneno yaleyale ya tangazo pale yanapomhusu kweli.

Kampuni nyingi za Kenya huomba pia barua ya utambulisho ya chuo na uthibitisho wa bima, nyaraka ambazo huchukua muda kupatikana. Mwanafunzi kutoka Tanzania au nchi nyingine anayeomba nafasi Nairobi aulize mapema taratibu za uhamiaji. Na yeyote anayedai ada ili "kuhifadhi nafasi" atiliwe shaka, kwa kuwa mwajiri halali hamtozi mwombaji.

Hatua ya mwisho haigharimu kitu. Rafiki asiyeujua mradi apewe wasifu kwa nusu dakika, kisha uondolewe mbele yake na aulizwe anakumbuka nini. Akikumbuka kilichotengenezwa na aliyenufaika, wasifu uko tayari. Akikumbuka rangi na mapambo tu, kazi bado haijaisha.