Miti Mikongwe ya Kilimanjaro na Kumbukumbu Zake

Historia ya Ukristo katika nchi ya Wachagga imeandikwa zaidi kwa majina ya watu na miaka ya majengo. Miti imetajwa kwa nadra, ijapokuwa baadhi yake ilikuwa imekwisha kukomaa Johannes Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro mwezi Mei 1848, na ijapokuwa baadhi yake imebeba habari zisizopatikana katika kitabu chochote cha ubatizo.

Wa kwanza kutajwa hauna budi kuwa mti wa Tsuduni, Old Moshi. Mwezi Juni 1892 Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliwashinda askari wa Kijerumani, na afisa wao, von Bülow, akafa kwa majeraha ya vita hiyo. Wamisionari wa Kianglikana waliokuwa Moshi walituhumiwa kumsaidia Mangi, nao wakalazimika kuondoka. Nafasi yao ilichukuliwa na Misioni ya Leipzig, ambayo watumishi wake walifika mwaka 1893 na kuanza kazi Machame, kisha Mamba mwaka 1894, na Kidia, Old Moshi, mwaka 1896. Kwa hiyo kila usharika wa Kilutheri ulio mlimani, upende usipende, una uzi unaouunganisha na vita ya Meli. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa pamoja na viongozi wengine wa Wachagga na Wameru, watu 19 kwa jumla, miongoni mwao Ngalami wa Siha na Molelia wa Kibosho. Inaaminika kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na ukoo wake umekitafuta kwa miongo mingi. Kwa kukosa kaburi, watu wamekuwa wakienda kwenye mti.

Mti huo haukuhifadhiwa na sheria wala na bwana miti. Ulihifadhiwa na simulizi: baba alimwonyesha mwana, na mwana akamwonyesha mjukuu.

Mchungaji Bruno Gutmann, aliyefika mwaka 1902 na kutumika Old Moshi kwa miaka mingi, alikuwa mmoja wa wachache walioona kwamba mambo ya namna hii yastahili kuandikwa. Katika maandiko yake juu ya ufugaji nyuki wa Wachagga, alieleza jinsi mti wa kuchongea mizinga ulivyoitwa dada wa mwenye shamba, na jinsi kuukata kulivyofananishwa na kumwoza binti. Wako waliosoma habari hizo kama mabaki ya upagani tu. Kwa mtafutaji wa miti mikongwe, hata hivyo, ni ushahidi wa thamani, kwa kuwa zaonyesha kwamba mti mkubwa ulikuwa na mwenyewe na haukuangushwa kimyakimya. Isale nalo lisaidie: mahali safu yake ingali ikionyesha mpaka wa kale wa kihamba, mti mkubwa uliosimama juu ya mpaka huo yafaa uulizwe habari zake.

Upande mwingine wa jambo hili ulidhihirika katika bonde la Mrusunga. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp aliiona mikukusu mirefu huko yapata miaka 20 kabla ya kupata vyombo vya kuipimia. Kati ya mwaka 2012 na 2016 alipima mikukusu 32 kwa mionzi ya leza. Kumi iliyozidi mingine ilikuwa na urefu wa meta 59.2 hadi 81.5, na umri wake ulikadiriwa kuwa kati ya miaka 500 na 600. Hivyo Kilimanjaro ikajulikana kuwa na miti ya asili mirefu kuliko yote iliyokwisha kupimwa Afrika. Udongo wa volkano, joto, mvua nyingi na kinga ya bonde dhidi ya upepo ndivyo vilivyoilea. Wenyeji walikuwa wakipita chini yake siku zote. Kilichokosekana ni kipimo na karatasi.

Kwa miti ya vihambani, kama mringaringa na mruka iliyofunika kahawa kwa kivuli, leza si ya lazima. Kamba huzungushwa shina kwa kimo cha kifua, yaani meta 1.3 kutoka ardhini, na urefu wake ukigawanywa kwa 3.14 hutoa kipenyo. Umri ndio wenye taabu. Katika nchi za joto pete za shina hazilingani na miaka kila mara, na mkuyu wa karibu na mto waweza kunenepa upesi ukamdanganya mtazamaji. Hapo mzee ana uwezo kuliko kamba. Akisema mti ulikuwa tayari mkubwa rika la babu yake lilipotahiriwa, ametoa tarehe inayoweza kulinganishwa na nyingine. Bei ya kahawa iliposhuka, miti mingi ya kivuli ilipasuliwa mbao ili kulipa karo, wala hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Lakini visiki havina masimulizi.

Kipimo kikiandikwa pamoja na jina la kihamba, la rika na la aliyesimulia, chatosha hata kwa mtaalamu atakayekuja baada ya miaka mingi akiwa na leza yake mkononi.