Kijana wa Bariadi Unataka Kazi ya Ofisini? Soma Hii Kabla Hujalipa Ada



Kila matokeo ya kidato cha nne yakitoka hapa kwetu swali linakuwa hilo hilo: "Nimepata D zangu nne tano, sayansi imenipiga chenga, nikasome nini nipate kazi ya ofisini?" Nimeulizwa hili kijiweni, nimeulizwa kwenye basi, mpaka kanisani nimeulizwa. Mimi mwenyewe nimemaliza sekondari na sijafika chuo kikuu, kwa hiyo nimekaa nikasoma matangazo ya ajira moja moja na miongozo ya vyuo, nikaweka yote sehemu moja. Mwenye haraka achapishe ukurasa huu aondoke nao, maana najua hapo kafe dakika zinakwenda.

Kwanza niseme kwa nini nimeamua kuandika. Kuna dada mmoja jirani yetu, jina nalihifadhi. Baba yake aliuza pamba, akatoa hela akampeleka kwenye chuo kimoja cha mtaani kusoma "uhazili na kompyuta" miezi sita. Alitoka na cheti kizuri tu, kina muhuri na picha. Lilipotoka tangazo la serikali akakaa kwenye kompyuta kuomba, kumbe kile cheti hakina pa kukiingiza. Tangazo linataka ngazi fulani na somo fulani, na yeye havijui vyote viwili, wala pale chuoni hakuna aliyewahi kumtajia. Pamba ya msimu mzima imekwenda. Yeye si wa kwanza, na tukikaa kimya hatakuwa wa mwisho.

KAZI ZENYEWE NI ZIPI?

Watu wengi wakisikia kazi ya ofisini wanafikiria kuchapa barua basi. Ukisoma matangazo ya halmashauri utakuta angalau kazi tatu ambazo aliyeanzia kidato cha nne anaweza kuzifikia.

1. Katibu Mahsusi, ambaye kwenye matangazo ya miaka ya karibuni anaitwa Mwandishi Mwendesha Ofisi. Kazi zake: kuchapa barua na nyaraka za kawaida na za siri, kupokea wageni na kuwaelekeza wanapoweza kusaidiwa, kutunza kumbukumbu za miadi, vikao na safari za mkuu wake, na kutafuta majalada yanayohitajika. Ukiangalia vizuri, huyu ndo anayejua ofisi nzima inakwendaje.

2. Msaidizi wa Kumbukumbu. Huyu ni mtu wa masijala. Anapokea barua, anaziandikisha, anazipanga kwenye majalada na kuzitafuta zikihitajika. Jalada la ardhi au la mgonjwa likipotea, mwananchi anazungushwa wiki nzima. Kwa hiyo sio kazi ndogo hata kidogo.

3. Mtendaji wa Kijiji. Huyu ni msimamizi wa shughuli za serikali kijijini na ndiye katibu wa vikao vya kijiji. Anaandika mihtasari, anatunza rejesta, anasimamia mapato. Tangazo lake huwa linataka kidato cha nne au cha sita pamoja na astashahada, yaani NTA ngazi ya 5, katika fani kama utawala, sheria, usimamizi wa fedha au maendeleo ya jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo kule Dodoma au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali.

Mkoa wetu wa Simiyu ulianzishwa rasmi mwaka 2012. Kabla ya hapo Bariadi, Maswa na Meatu tulikuwa chini ya Shinyanga, na Busega ilikuwa upande wa Mwanza. Leo tuna halmashauri sita: Bariadi Mji, Bariadi Wilaya, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Kila moja ina masijala yake, makatibu wake na watendaji wake. Kwa hiyo kazi hizi zipo hapa hapa nyumbani.

HATIMKATO, MLANGO AMBAO WENGI HAWAUJUI

Hapa ndo penye kiini cha habari hii. Wengi wanadhani ukijua Word na Excel basi umekuwa katibu. Soma tangazo vizuri. Kwa miaka mingi Katibu Mahsusi Daraja la III alitakiwa awe amefaulu mtihani wa uhazili hatua ya tatu, pamoja na hatimkato ya Kiswahili na Kiingereza maneno 80 kwa dakika. Matangazo ya karibuni yamepanda: yanataka stashahada ya uhazili (NTA ngazi ya 6) na hatimkato maneno 100 kwa dakika. Kompyuta inakuja baada ya hapo.

Hatimkato ni maandishi ya mkato ya kuandika mtu anavyosema. Mtindo unaojulikana sana ni wa Mwingereza Isaac Pitman, aliyeuchapisha mwaka 1837. Hauandiki herufi, unaandika sauti kwa vistari. Kistari chembamba ni sauti moja, ukikikoleza kinakuwa sauti nyingine ya jamii yake, mfano P na B. Kwa sababu unafuata sauti, unaweza kuandikia Kiswahili au Kiingereza. Piga hesabu: barua ya maneno 300 ikisomwa kwa kasi ya maneno 80 inaisha kabla ya dakika nne. Kwa mwandiko wetu wa kawaida huwezi, hata uwe na mkono wa haraka vipi.

Najua utasema mbona simu inarekodi sauti. Kweli inarekodi, ila kikao cha siri hakirekodiwi kwenye simu ya mtu, na rekodi ya saa tatu lazima akae mtu aisikilize tena saa tatu. Lakini hata tukibishana mpaka kesho, tangazo likisema hatimkato basi ni hatimkato. Chuo kikikuambia kinafundisha uhazili, swali lako la kwanza liwe: hatimkato mnafundisha mpaka maneno mangapi? Wakianza kubabaika, jua hiyo ni kozi ya kompyuta imevalishwa jina la uhazili.

NGAZI ZA VYETI

Hapa watu wanachanganyikiwa sana. Kuna mifumo miwili.

Wa kwanza ni wa ufundi stadi, ndo huu wa VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994. Vyeti vyake vina hatua tatu: NVA I, II na III. Uhazili na kompyuta ni moja ya fani za mfumo huu. Ni mafunzo ya vitendo zaidi.

Wa pili ni wa NTA. Ngazi ya 4 ni astashahada ya awali, ya 5 ni astashahada, ya 6 ni stashahada, ya 7 na 8 ni mambo ya shahada. Kuingia ngazi ya 4 kwa kawaida unatakiwa uwe na ufaulu usiopungua D nne kidato cha nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Kila ngazi kati ya 4 na 6 ni kama mwaka mmoja, kwa hiyo wa kidato cha nne ajipange kwa miaka mitatu mpaka stashahada. Aliyemaliza kidato cha sita kwa kozi nyingi anaweza kuruka hatua ya mwanzo, aangalie mwongozo wa mwaka husika.

Mfumo gani ni bora? Inategemea unataka kwenda wapi. Ukitaka serikalini, fuata NTA kwa sababu ndo lugha ya matangazo. Ukitaka ujuzi wa haraka ufungue biashara au ufanye kazi kwa mtu binafsi, VETA inakutosha na ni nafuu zaidi. Kwa miaka mingi ada ya kozi ndefu kwenye vyuo vya VETA vya serikali ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwaka kwa wa kutwa na 120,000 kwa wa bweni. Uliza ya mwaka huu kabla hujafunga safari.

WAPI PA KUSOMA

Hapa mkoani: serikali imejenga chuo cha VETA cha mkoa hapa Bariadi. Nenda mwenyewe uulize fani za mwaka huo, usitegemee ya kuambiwa. Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, nacho kina kampasi hapa Simiyu. Huko ni kwa wanaotaka uhasibu na fedha. Maswa kuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Malampaka. Vyuo hivi vya wananchi vilianza mwaka 1975 na viko 54 nchi nzima, vina kozi fupi na ndefu kwa wenye kipato kidogo.

Nje kidogo: ukipita Lamadi na Magu unafika Mwanza, ambako kuna kampasi ya Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) tangu 2007, na Taasisi ya Uhasibu (TIA). Ukienda upande wa Maswa mpaka Shinyanga kuna Kizumbi, tawi la Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kunakofundishwa mambo ya ushirika na biashara.

Kwa uhazili na masijala wenyewe, jina kubwa ni Chuo cha Utumishi wa Umma. Kilianzishwa mwaka 2000 kwa kuunganisha chuo cha watumishi cha Magogoni, Dar es Salaam, na Chuo cha Uhazili Tabora. Ukiongea na makatibu wa zamani wengi watakutajia Tabora kwa heshima kabisa. Leo kina kampasi Dar es Salaam, Tabora, Singida, Mtwara, Tanga na Mbeya. Kwa sisi wa Simiyu, Tabora na Singida ndo karibu.

Habari ya mkopo: mwaka 2023 Bodi ya Mikopo ilianza kukopesha wanafunzi wa stashahada, ila kwa fani za kipaumbele zilizotajwa kwenye mwongozo. Usijiandikishe chuo ukitegemea mkopo kabla hujaona kama kozi yako imo.

KABLA HUJATOA HATA SHILINGI

Moja, tafuta jina la chuo kwenye tovuti ya NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Hao ndo wanaosajili. Angalia jina herufi kwa herufi, maana kuna majina yanafanana.

Mbili, angalia kozi, sio chuo peke yake. Chuo kinaweza kuwa na usajili lakini kozi yako haimo.

Tatu, uliza cheti cha mwisho kinatolewa na nani na ni ngazi gani. Jibu liwe NVA au NTA na namba. Jibu la "cheti chetu kinakubalika popote" sio jibu.

Nne, uliza gharama zote kwa maandishi: ada, mitihani, sare, mafunzo kazini. Lipa benki au kwa namba ya malipo, sio mkononi mwa mtu.

Tano, fungua Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira, soma matangazo mawili matatu ya kazi unayoitaka, halafu linganisha na kozi. Hii haina malipo zaidi ya hela ya kafe. Na yeyote anayekuomba hela akuingize kazini ni tapeli, hata kama amevaa tai.

Wakati huo huo tengeneza cheti cha kuzaliwa RITA na namba ya NIDA, na majina yafanane kwenye vyeti vyote. Herufi moja ikitofautiana unaanza kuhangaika na viapo.

UKIKOSA SERIKALINI JE?

Tusidanganyane, nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Lakini ujuzi wa ofisi haufi. Tangu msimu wa 2018 pamba yetu imekuwa ikiuzwa kupitia AMCOS, na kila AMCOS inahitaji mtu wa kuandika kilo, malipo na madeni bila kukosea. Karani akikosea tarakimu moja, mkulima amedhulumiwa. Kuna viwanda vya kuchambua pamba, shule binafsi, zahanati, SACCOS, maduka ya jumla. Huko hawaulizi sana NTA, wanataka mtu anayejua kutunza kumbukumbu na mdomo wake una siri.

Mkiwa kikundi mnaweza kufungua steshenari. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023 ikarudi 2024. Muoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Yule dada jirani sasa anachapa barua za watu steshenari na anajichanga aanze ngazi ya 4. D nne anazo, kwa hiyo mlango uko wazi. Kinachomuuma ni kwamba alikuwa anazo tangu mwanzo, ile hela ya pamba ingemtosha kuanzia.

Wewe mwenye mdogo wako anayesubiri matokeo, msomee hii. Na kama wewe ni katibu au umesoma vyuo hivi, weka maoni yako hapo chini: ada ya sasa, maisha ya bweni, hatimkato ilikusumbua kiasi gani. Vijana wanasoma.